Kumjua Mbu kabla ya Kumpiga Vita: Tabia na Makazi ya Mbu katika Udhibiti wa Malaria Vijijini

Utangulizi

Malaria ni miongoni mwa maradhi ya kale mno yanayomwandama binadamu, na hadi leo bado yanaua. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2023 pekee palikuwa na visa vipatavyo milioni 263 vya malaria kote ulimwenguni, na watu 597,000 hivi wakafariki. Asilimia 95 ya vifo hivyo vilitokea katika kanda ya Afrika, na takribani robo tatu ya waliofariki katika kanda hii walikuwa watoto ambao hawajatimiza umri wa miaka mitano. Nchini Kenya mzigo huu haugawanyiki sawa. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka 2020 ulibainisha kwamba asilimia 6 ya watoto waliopimwa walikuwa na vimelea vya malaria katika damu yao, ilhali katika eneo la Ziwa Victoria kiwango hicho kilifikia asilimia 19. Mtoto anayezaliwa Siaya na yule anayezaliwa Nyeri hawazaliwi katika hatari moja.

Chanzo kikuu cha tofauti hiyo ni mbu, pamoja na maji, joto na mazingira yanayomwezesha mbu huyo kuzaliana na kuishi muda wa kutosha kueneza ugonjwa. Hata hivyo, katika mazungumzo ya kawaida, na hata katika baadhi ya mabango ya afya, mbu hutajwa kana kwamba ni mdudu mmoja mwenye tabia moja, anayeishi popote penye nyasi na uchafu. Makala haya yananuia kuonyesha kuwa mtazamo huo una hasara. Hoja kuu ni kwamba udhibiti wa malaria vijijini hufaulu au hushindwa kwa kutegemea jinsi mbu anavyojulikana: ni mbu yupi, huzaliana katika maji gani, huuma saa ngapi, na akishashiba hupumzika wapi. Aidha, ujuzi huo hauna faida ukibaki katika maabara na ripoti. Yafaa umfikie mwanakijiji kwa lugha anayoielewa, na hapo ndipo wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wanapoingia.

Mbu si Mmoja

Jina lenyewe la ugonjwa huu ni ushahidi wa jinsi binadamu alivyopapasa gizani kwa karne nyingi. Neno malaria lina asili ya Kiitaliano, na maana yake ni hewa mbaya, kwa kuwa watu wa kale waliamini kuwa homa hiyo ilisababishwa na mvuke mchafu wa vinamasi. Walikuwa wameona uhusiano kati ya kinamasi na homa, ila hawakumwona mbu aliyekuwa kati ya viwili hivyo. Ni tarehe 20 Agosti 1897, huko Secunderabad nchini India, ambapo daktari Ronald Ross alipoviona vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu. Mwaka uliofuata, Giovanni Battista Grassi na wenzake nchini Italia wakathibitisha kuwa malaria ya binadamu huenezwa na mbu wa jenasi ya anofelesi.

Ulimwenguni kuna zaidi ya spishi 3,000 za mbu. Zaidi ya 400 kati yao ni za anofelesi, na katika hizo ni 30 hadi 40 tu zinazotambuliwa kuwa waenezaji wa malaria kwa binadamu. Maana yake ni kwamba mbu wengi wanaomsumbua mtu usiku kwa mlio na miwasho hawana uwezo wa kumwambukiza malaria. Mbu wa kyuleksi, kwa mfano, ambaye hustawi katika maji machafu ya mitaro na vyoo vya shimo, huleta kero kubwa lakini si mwenezaji wa malaria. Mtu anaweza kumtambua anofelesi kwa namna anavyotua: huinua sehemu ya nyuma ya mwili na kuinamisha kichwa, mithili ya msumari uliopigwa kishazari, ilhali kyuleksi hutua sambamba na ukuta.

Katika Afrika Mashariki, spishi tatu ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya lawama. Ya kwanza ni Anopheles gambiae, ambaye hupenda mno damu ya binadamu na aghalabu humwumia ndani ya nyumba. Ya pili ni Anopheles arabiensis, ambaye huvumilia ukavu zaidi, huuma watu na ng'ombe, na mara nyingi hupumzika nje. Ya tatu ni Anopheles funestus, ambaye naye hupenda binadamu na nyumba zao, lakini huzaliana katika maji ya kudumu. Gambiae na arabiensis wanafanana kiasi kwamba hata mtaalamu mwenye hadubini hawezi kuwatenganisha kwa macho. Ni katika miaka ya 1960 ambapo ilithibitishwa kuwa aliyedhaniwa kuwa mbu mmoja ni jamii ya spishi kadhaa. Siku hizi hutenganishwa maabarani kwa kupima chembe zao za urithi. Huenda jambo hili likaonekana kuwa la kitaaluma tu, lakini athari zake ni za kila siku: hatua inayommaliza mmoja inaweza kumwacha mwenzake bila kumgusa.

Mazalio: Maisha ya Mbu Majini

Mbu jike pekee ndiye anayefyonza damu, kwa kuwa anahitaji protini ya kukuzia mayai. Mbu dume huishi kwa utomvu mtamu wa maua na mimea. Jike hutaga mayai 50 hadi 200 kwa mkupuo mmoja, naye anofelesi huyataga moja moja juu ya maji. Baada ya siku mbili au tatu mayai huanguliwa na kutoa viluwiluwi, ambao hukua na kuwa pupa, na hatimaye mbu kamili huruka. Katika joto la nyanda za chini, safari hii yote huchukua kati ya siku saba na siku kumi na nne. Kiluwiluwi wa anofelesi hulala sambamba na uso wa maji, kwa sababu hana mrija wa kupumulia. Kiluwiluwi wa kyuleksi huning'inia kichwa chini huku mrija wake ukigusa hewa. Mwanafunzi wa shule ya msingi aliyeonyeshwa tofauti hiyo mara moja anaweza kuitambua katika dimbwi lililo nyuma ya darasa lake.

Kila spishi huchagua maji yake. Gambiae hupenda madimbwi madogo, ya muda, yanayopigwa na jua na yasiyo na mimea mingi: nyayo za ng'ombe zilizojaa maji ya mvua, alama za magurudumu barabarani, mashimo yanayochimbwa udongo wa matofali, na mitaro ya mashamba katika mabonde. Maji haya hupata joto upesi, huwa na chakula cha kutosha cha viluwiluwi, na kwa kuwa ni ya muda, maadui kama vile samaki hawapati nafasi ya kukaa humo. Funestus, kinyume chake, hutafuta maji yenye kina na ya kudumu, yenye mimea iliyosimama: kingo za vinamasi, mabwawa ya zamani na vijito vinavyokwenda polepole. Arabiensis hustawi katika madimbwi ya wazi kama gambiae, na hupatikana kwa wingi katika mashamba ya mpunga.

Ni katika suala hili la mazalio ambapo ushauri wa mazoea unahitaji kutazamwa upya. Kwa miongo mingi wanavijiji wamehimizwa kufyeka nyasi na vichaka kuzunguka nyumba zao ili kuwafukuza mbu. Kufyeka kuna faida zake, mathalani kuepukana na nyoka, lakini mbu hazaliwi katika nyasi, huzaliwa majini. Mtu anayefyeka kichaka na kuliacha dimbwi lililokuwa chini yake huwa amemwandalia gambiae kile hasa anachokipenda, yaani maji yaliyo wazi kwa jua. Uchunguzi uliofanywa katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya, na kuchapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba kupanda nyasi ya nepia kando ya mitaro ili iyatie maji kivuli kulipunguza viluwiluwi wa mbu wa malaria. Vivyo hivyo, katika eneo la Kabale nchini Uganda, utafiti wa mwaka 2000 ulibaini kuwa vijiji vilivyopakana na vinamasi vilivyofyekwa mafunjo na kulimwa vilikuwa na joto la juu zaidi na hatari kubwa zaidi ya malaria kuliko vile vilivyopakana na vinamasi vya asili. Kumbe jembe na panga, bila ujuzi, vinaweza kumhudumia adui.

Kuuma na Kupumzika: Maisha ya Mbu Nyumbani

Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Gambiae na funestus ni mfano bora wa methali hiyo, kwani kwa asili yao humfuata binadamu hadi chumbani anakolala. Huvutwa na pumzi anayoitoa, joto la mwili wake na harufu ya ngozi yake. Huuma kuanzia magharibi hadi alfajiri, na kilele chao aghalabu huwa baada ya saa sita usiku, wakati watu wamezama katika usingizi. Njia yao kuu ya kuingilia si mlango. Katika nyumba nyingi za vijijini huachwa mwanya kati ya ukuta na paa ili moshi utoke na hewa iingie, na gambiae anapogonga ukuta hupaa juu hadi akaufikia mwanya huo. Akishaingia na kushiba, huwa mzito, hivyo hutua ukutani au darini na kupumzika kwa siku mbili au tatu huku mayai yakikomaa, kisha hutoka kwenda kutaga na kurudi kutafuta damu tena.

Mzunguko huu una siri moja muhimu. Mbu hazaliwi na malaria. Humeza vimelea anapomuuma mtu ambaye tayari anavyo, na vimelea hivyo huhitaji siku zipatazo kumi hadi kumi na nne kukomaa ndani ya mwili wake kabla ya kuweza kumwambukiza mtu mwingine. Mbu wengi hufa kabla ya kufikia umri huo. Mwenezaji wa malaria, kwa hivyo, ni mbu mzee aliyeponea hatari nyingi. Kila hatua inayopunguza umri wa mbu hata kwa siku chache hupunguza uenezaji kwa kiwango kikubwa kuliko idadi ya mbu wanaouawa inavyoashiria. Ndiyo maana chandarua chenye dawa kina nguvu: humkinga aliyelala ndani yake, na pia humuua mbu anayekigusa kabla hajazeeka. Kupulizia kuta dawa hufuata mantiki iyo hiyo, kwa kuwa humvizia mbu mahali anapopumzikia. Mwaka 2017 kazi hiyo ilifanywa katika Kaunti ya Migori, na mwaka 2018 ikaenea hadi Homa Bay.

Ushahidi wa manufaa ya vyandarua ulipatikana, pamoja na kwingineko, katika maeneo ya Asembo na Gem huko Siaya mwishoni mwa miaka ya 1990. Ilidhihirika kuwa vyandarua vilivyotiwa dawa vilipunguza vifo vya watoto wachanga na wadogo. Zaidi ya hayo, hata watu wasiokuwa na vyandarua walinufaika iwapo waliishi katika umbali wa mita 300 hivi kutoka kwa waliokuwa navyo, kwa sababu mbu wa eneo zima walikuwa wamepungua. Hapa chandarua hudhihirika kuwa mali ya jirani pia. Anayekigeuza kuwa wavu wa kuvulia omena au ua la kuzuia kuku humnyima mwenzake kinga bila ya kujua.

Ujuzi Unapoongoza Udhibiti

Ikiwa tabia na makazi ya mbu yanajulikana, hatua zinaweza kupangwa kwa shabaha. Shirika la Afya Duniani hupendekeza kushambulia mazalio pale ambapo ni machache, hayahami na yanaweza kuonekana. Masharti hayo matatu hayatimii kila mahali, lakini katika mabonde ya Vihiga na Kakamega yanakaribia kutimia, kwa kuwa milima huyaelekeza maji chini na mazalio mengi hujikusanya bondeni. Kati ya miaka ya 2004 na 2007 watafiti walitumia dawa inayotokana na bakteria katika mabonde ya nyanda hizo. Bakteria hao huwaua viluwiluwi wanapoila dawa hiyo, lakini hawamdhuru binadamu, mifugo wala samaki. Matokeo yalionyesha kuwa dawa hiyo, ikiongezwa juu ya vyandarua, ilipunguza kwa zaidi ya nusu uwezekano wa mtoto kupata maambukizi mapya.

Kisii nako palizuka suluhisho lenye ladha. Mabwawa ya samaki yaliyotelekezwa na wenyewe yalikuwa yamegeuka mazalio ya mbu. Watafiti waliporudisha ngege katika baadhi ya mabwawa hayo, viluwiluwi wa gambiae walipungua kwa zaidi ya asilimia 94 katika muda wa majuma 15, kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007. Ngege huwala viluwiluwi, naye mwenye bwawa humla ngege. Mradi wa namna hii hauhitaji kusukumwa na serikali kila msimu, maadamu mwanakijiji huona faida yake sahanini.

Kuhusu mwanya wa paa, majaribio yaliyofanywa Ahero, karibu na Kisumu, yalitumia mikeka ya mafunjo kama dari ya bei nafuu. Idadi ya mbu wa malaria waliopatikana ndani ya nyumba zilizowekewa dari hiyo ilipungua sana. Methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta hapa huwa ushauri wa ujenzi hasa: fundi anayeujua mwendo wa mbu anaweza kuokoa maisha kwa mkeka na misumari. Nchini Gambia pia utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa kuweka nyavu milangoni na madirishani au kuziba dari kulipunguza mbu nyumbani pamoja na upungufu wa damu miongoni mwa watoto.

Katika kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria, ujuzi wa harufu uligeuzwa mtego. Kati ya miaka ya 2012 na 2015 kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, kikishirikiana na Chuo Kikuu cha Wageningen cha Uholanzi, kiliweka katika nyumba za kisiwa hicho mitego iliyotoa harufu bandia ya binadamu na kuendeshwa kwa nishati ya jua. Mbu aliyedhani amemfikia mtu alinaswa. Kiwango cha malaria katika maeneo yenye mitego kilikuwa chini kwa asilimia 30 hivi kikilinganishwa na maeneo ambayo yalikuwa hayajaipata, na funestus walipungua kwa takribani asilimia 70. Vilevile umeme wa mitego uliwapa wenyeji taa na nafasi ya kuchaji simu. Mradi unaomulikia mtoto kitabu usiku hupokewa kwa moyo mkunjufu kuliko ule unaozungumzia mbu peke yake.

Mwea, katika Kaunti ya Kirinyaga, hutoa funzo la aina nyingine. Mashamba ya mpunga huzalisha arabiensis kwa wingi, hasa majuma ya kwanza baada ya miche kupandwa, wakati maji bado yako wazi kwa jua. Hata hivyo tafiti zimeonyesha kuwa wengi wa mbu hao hufyonza damu ya ng'ombe. Idadi ya mbu, basi, si kipimo tosha cha hatari. Ni lazima ijulikane wanakunywa damu ya nani. Hili halimaanishi kwamba kila boma lenye ng'ombe limepata kinga, kwani mbu aliyeshiba kwa ng'ombe leo anaweza kumrudia mtu kesho kutwa. Linamaanisha kwamba ushauri wa mahali pamoja hauwezi kubebwa mzimamzima na kupelekwa pengine.

Mbu Naye Hubadilika

Kosa jingine ni kudhani kuwa mbu akishajulikana basi. Historia ya eneo la Taveta na Pare, mpakani mwa Kenya na Tanzania, ni shahidi. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1950 nyumba za eneo hilo zilipuliziwa dawa ya kuua wadudu kwa miaka kadhaa, na funestus, aliyezoea kupumzika ukutani, akatoweka karibu kabisa. Nafasi yake ilichukuliwa na ndugu yake aitwaye rivulorum, ambaye hukaa nje na hupendelea ng'ombe. Kwa bahati, rivulorum hana hatari kama ya funestus. Lakini kampeni ilipokoma, funestus alirejea hatua kwa hatua.

Mambo kama hayo yameonekana katika nyakati za karibuni. Baada ya vyandarua kuenea katika maeneo ya Nyanza, gambiae alipungua mno na arabiensis, ambaye hakutegemea vyumba vya kulala pekee, akawa na sehemu kubwa zaidi. Baadaye funestus naye akaanza kuongezeka tena magharibi mwa Kenya, huku akiwa amejenga usugu dhidi ya dawa zilizotumiwa katika vyandarua. Katika kijiji cha Dielmo nchini Senegal funestus amenaswa akiuma hata baada ya jua kuchomoza, wakati watu wameshatoka vyandaruani. Chandarua hakijapoteza thamani yake kwa sababu hiyo, ila hakiwezi kumlinda aliyeketi uani saa mbili usiku akisubiri ugali uive, wala mvuvi aliye ziwani alfajiri.

Tishio jipya zaidi limetoka ng'ambo. Anopheles stephensi, mbu wa malaria mwenye asili ya Asia, aligunduliwa Djibouti mwaka 2012, kisha Ethiopia, na mapema mwaka 2023 ikatangazwa kuwa amepatikana katika Kaunti ya Marsabit. Mbu huyu hatafuti nyayo za ng'ombe wala kinamasi. Huzaliana katika matangi, mapipa na vyombo vingine vya kuhifadhia maji safi, hata mijini. Mahali pakavu kama Marsabit, ambapo kila tone huhifadhiwa, ushauri wa kumwaga maji hauwezi kupokewa. Ushauri wa kufunika chombo barabara unaweza. Tofauti ya vitenzi hivi viwili, kumwaga na kufunika, ni tofauti kati ya ujumbe unaopuuzwa na ujumbe unaotendwa.

Nafasi ya Kiswahili

Hapa ndipo suala la mbu linapokuwa suala la lugha. Sehemu kubwa ya ujuzi uliotajwa hapo juu ulitokana na vijiji vya Kenya, kwa msaada wa wanavijiji waliofungua nyumba zao na kuwaonyesha watafiti mabwawa yao. Lakini ulichapishwa kwa Kiingereza katika majarida ambayo wanavijiji hao hawatayasoma. Kinachowarudia ni kauli fupi za mabango: lala ndani ya neti, fyeka nyasi, fukia mashimo. Kauli hizo haziwaambii ni shimo lipi lianze kufukiwa wala kwa nini.

Msamiati nao una mitego yake. Neno homa hutumiwa kwa joto la mwili, kwa mafua na hata kwa malaria, hivi kwamba mzazi anayesema mtoto ana homa huenda akapewa dawa ya mafua dukani ilhali mtoto anahitaji kupimwa damu mara moja. Neno kiluwiluwi hutumiwa na wengi kwa kitoto cha mbu na pia kwa kitoto cha chura. Mwanakijiji anayeambiwa aue viluwiluwi anaweza kuwafikiria vyura wadogo wasio na hatia, na kuwapita wadudu wembamba wanaotikisika juu ya maji. Neno mbu lenyewe, sawa na suna katika Kidholuo, hufunika spishi zote bila ya kubagua. Si lazima mkulima wa Vihiga ayakariri majina ya Kilatini; yafaa tu apewe maelezo yanayobainisha: mbu wa madimbwi ya jua, mbu wa vinamasi, mbu wa matangi. Maelezo ya namna hii yana faida kuliko istilahi iliyobuniwa ofisini ikakosa wasemaji.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na tangu mwaka 2013 huduma nyingi za afya zimekuwa mikononi mwa serikali za kaunti. Kwa hivyo kuna nafasi ya wazi kwa idara za Kiswahili za vyuo vikuu: kufasiri matokeo ya utafiti kwa lugha nyepesi, kuandaa vitini vya wahudumu wa afya ya jamii, kushirikiana na wajuzi wa lugha za kienyeji pale ambapo Kiswahili ni lugha ya pili, na kuyajaribu maandishi hayo uwandani kabla ya kuyachapisha. Mwanafunzi anayeandika tasnifu kuhusu istilahi anaweza kwenda bondeni na mhudumu wa afya, asikilize mambo yanayoitwa na wenyeji kwa majina yao, kisha aulize ni wapi maana inapopotea.

Hitimisho

Imebainika kwamba gambiae, arabiensis, funestus na stephensi hutofautiana katika maji wanayozaliana, damu wanayoipenda na mahali wanapopumzika, na kwamba kila tofauti hufungua mlango wa hatua mahususi: kivuli na dawa ya bakteria kwa mazalio ya bondeni, ngege kwa mabwawa yaliyotelekezwa, dari kwa mwanya wa paa, chandarua kwa mbu wa usiku wa manane, kifuniko kwa tangi la maji. Imebainika pia kwamba mbu hubadilika anaposhambuliwa, kwa hivyo uchunguzi wa tabia zake si kazi ya kufanywa mara moja na kuachwa.

Kinachosalia ni kuufikisha ujuzi huu kwa wenye haja nao. Mama anayetumia siku nzima kufyeka ua wake, huku nyayo za ng'ombe langoni mwake zikiwa zimejaa maji na viluwiluwi, si mvivu wala mjinga. Amefuata kwa uaminifu ushauri alioupata. Akielezwa kwa lugha yake kwamba adui yumo katika maji yale madogo, na kwamba yamebaki siku chache kabla ya kuruka na kuingia chumbani anakolala mwanawe, jembe alilo nalo mkononi litatosha.